Pamba Kwenye Midomo ya Furu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo hakunipa hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha matangi, katika kituo chetu cha samaki pale ufukweni Mwanza, akanionyesha sato mwenye utando mweupe mkiani.

"Anaumwa nini?"

"Ukungu, mzee."

"Umejuaje? Kwangua kidogo, weka kwenye kioo, angalia kwa hadubini. Halafu ndiyo uniambie."

Nikaangalia. Kweli ulikuwa ukungu, nyuzi nene zenye matawi. Nikajiona bingwa. Afadhali ningekosea siku ile.

Ninyi vijana mnaofuga samaki wa mapambo sebuleni, nisikilizeni. Ukungu hupenda kushika penye jeraha, na ukiwahi, kumwogesha samaki kwenye maji ya chumvi mara nyingi kunatosha. Lakini wapo bakteria wanaotokea mdomoni na mgongoni, weupe vilevile kama pamba. Hao wanataka antibiotiki, na maji yapoe kidogo, maana ukiwaongezea joto wanashamiri. Kwa macho unaweza kudanganyika. Kwenye hadubini utaona vijiti vyembamba sana vimerundikana kama vichuguu.

Hayo yote niliyajua. Nilipopandishwa kuwa Msimamizi wa Maabara, watu wakaanza kuniita Daktari, na mimi nina cheti tu. Sikuwasahihisha. Hadubini nikaiacha imefunikwa kitambaa. Napita mbele ya tangi, nataja ugonjwa papo hapo, wageni wanashangaa. Nilipenda, jamani, nilipenda mno.

Tangi la mwisho lilikuwa na furu, vile visamaki vya ziwa letu ambavyo majike hubeba mayai mdomoni. Walikuwa wa aina ambayo wavuvi hawakuipata tena kwenye ghuba walikotolewa. Aliyewatunza alikuwa Koku, fundi wa maabara, binti wa Kihaya mwenye maneno machache. Asubuhi moja alinikuta nikiwatembeza wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Furu wana weupe mdomoni. Nikwangue tuangalie?"

Nikatupa jicho. "Ukungu huo. Tia chumvi, pandisha joto, watachangamka."

"Joto tena, mzee? Si tungeangalia kwanza..."

"We binti! Kazi hii nimeianza wewe bado unanyonya!"

Wageni wakacheka. Koku akatia chumvi, akapandisha hita kama nilivyoagiza.

Kesho yake jioni hakubaki hata mmoja. Majike wawili walikufa na mayai yao mdomoni.

Mkuu wa Kituo wa wakati huo akataka taarifa. Niliiandika mwenyewe, kwa mkono huu huu: vifo vimetokana na uzembe katika kubadilisha maji. Na kubadilisha maji ilikuwa kazi ya Koku. Hakubisha. Alihamishiwa mwalo wa mbali, kupima dagaa na kuhesabu mitumbwi, na maabara hakurudi tena. Mimi nikaendelea kuitwa Daktari mpaka nilipostaafu. Wakaniaga kwa pilau na hotuba, nami nikapiga picha nikitabasamu. Picha hiyo nimeigeuza, inatazama ukuta.

Mwezi uliopita nilimfuata Koku nyumbani kwake Kiseke. Anafuga kuku sasa. Nikamweleza yote nimeinamisha kichwa, mtu mzima na mvi zangu, naona aibu hata ya kumtazama. Akaingia ndani, akatoka na daftari la zamani, akanifunulia ukurasa. Amechora kwa penseli vijiti vyembamba, vimerundikana kama vichuguu. Chini ameandika: bakteria. Tarehe ni ya siku ile ile.

"Uliangalia?"

"Niliangalia, mzee, ulipokwenda kuwasindikiza wageni."

"Sasa mbona hukuniambia, Koku? Tungewahi!"

Akalifunga daftari. "Nilikuja ofisini kwako na daftari hili. Nikasimama mlangoni. Ukasema, 'Koku, nina kazi,' bila kuinua uso. Nikarudi."

Nilikuwa nimejiandaa kukiri makosa mawili. Hili la tatu hata sikulijua.

"Kunywa chai, mzee, inapoa," akasema.

Nikanywa. Tangu siku hiyo najitahidi kumkumbuka akiwa amesimama pale mlangoni na daftari lake, na simwoni.