Redio ya Mama Niliyoirekebisha Bila Kuuliza

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya miaka ya themanini, nilipokwenda nyumbani Kombewa na bisibisi mfukoni, nikijiona fundi. Nilikuwa nimejifunza miezi mitano tu kwa fundi wa redio mjini Kisumu, na debe tupu, unajua mwenyewe, haliachi kuvuma.

Mama yangu alikuwa na redio ya betri, na kwenye kilima chetu ilikuwa hiyo hiyo moja. Ilikaa dirishani, upande wa ziwa, na kwenye kioo cha namba mama alikuwa amebandika kipande cha plasta ya kidonda. Hakujua kusoma, lakini mshale ulipofika kwenye plasta, alijua amefika kwake. Hapo ndipo kila jioni aliposikiliza matangazo ya vifo. Siku hizo mtu wa kwetu akifa mbali, redio ndiyo iliyoleta habari na kutaja siku ya mazishi. Mama akishasikia kwamba hakuna wake aliyetajwa, alishusha pumzi, akaenda kusonga ugali.

Mimi sikuuliza. Niliipima redio kama nilivyofundishwa: nikaifungua mgongo, nikapuliza vumbi, nikavuta waya wa shaba hadi juu ya paa, nikageuza swichi ya masafa iache stesheni za nyumbani ishike za mbali. Ile plasta niliibandua kwa ukucha, maana niliona ni uchafu. Na kweli, ukungu wa jioni ulipoanza kutanda ziwani, redio iliimba. Magitaa laini ya nchi za mbali yalielea kana kwamba yanatoka majini, na lugha nisizozijua zikanong'ona, zikapotea, zikarudi. Nilifumba macho. Hata leo nikikaa kimya nayasikia magitaa yale, na bado nayapenda, Mungu anisamehe.

"Mama, sasa hii inashika dunia yote," nilimwambia. "Usiiguse, utaharibu."

"Haya, baba, asante," akajibu.

Nilirudi mjini, nikakaa karibu mwezi. Nilipokuja tena, mama alikuwa ameketi mlangoni na hakuinuka kunisalimu. Ndugu yake wa pekee, mjomba wangu wa Awasi, alikuwa amekufa na ameshazikwa. Watu wake walitangaza redioni jioni tatu mfululizo, wakijua dada yake hakosi. Na jioni hizo zote tatu mama alikuwa mbele ya redio yake, akisikiliza magitaa, akiogopa kugusa kazi ya mwanawe, akingoja nirudi nimrudishie matangazo yake. Habari aliipata sokoni, kwa mwanamke aliyempa pole akidhani anajua.

Nikamuuliza mbona hakumwita hata jirani aigeuze. Aliniangalia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi.

"Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu, "wewe uliangalia redio inashika nini. Mimi hukuniuliza nasikilizanga nini."

Tulikwenda Awasi pamoja. Matanga yalikuwa yameisha, viti vya kuazima vimerudishwa kwa wenyewe, na udongo wa kaburi umekauka. Mama alilia peke yake, bila sauti ya pili ya kumpokea. Nilisimama nyuma yake nikiona aibu ambayo sijaimaliza mpaka sasa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndiyo maana nakuita uketi, mwanangu, wewe unayeingia nyumba za watu kuwafungia visanduku vya intaneti. Najua unapima kasi kwa simu yako, unasogeza antena, unabadilisha neno la siri, unaondoka ukitabasamu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujagusa kitu, muulize mwenye nyumba anakitumia kwa nini, na nani humpigia kwa hicho, na saa ngapi. Ulivyovikuta, viandike kabla hujavifuta. Kisha mfundishe kukirudisha mwenyewe, hata akiwa bibi wa miaka themanini, na usimwambie kamwe asiguse kilicho chake. Kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa mjinga kwa kutouliza.

Nenda salama. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lisilo na haraka. Na habari za watu wako, za heri na za msiba, zikufikie ukiwa bado una muda wa kufika.