Cherehani ya Evaline Bado Imefunikwa

"Kumbe hata wao wanasema hana vipande! Hata wao, jamani!"

Raudha Muksini anapiga makofi hadi mkasi unadondoka. Fundi huyu wa nguo wa Jorodom, mjini Katesh, ana cherehani mbili kibandani. Moja anashonea. Nyingine imefunikwa kitenge tangu masika.

Hiyo ni ya Evaline Sulle, Mkatoliki wa Mogitu. Tope la mlimani lilipofukia kibanda chao mwaka 2023, walizichimbua cherehani zote mbili pamoja, wakaanza upya.

Halafu wakagombana. Kuhusu Mungu!

"Tulikuwa tunataniana tu," anasema Raudha. "Nikamwambia, Mungu wenu mmemkata vipande vitatu kama suruali. Akajibu, 'Wenu je, dada, mwenye majina tisini na tisa? Si ni suti nzima na koti lake?' Wateja wakacheka. Nikakasirika, nikalitukana kanisa lake. Akafunika cherehani, akaondoka."

Juzi Ustadhi Abdulrahmani, aliyesoma falsafa chuoni, alikuja kupimwa kanzu, akasikia kisa chote.

Akaeleza kwamba wanafalsafa wa Kiislamu wa zamani walisema hivi: chenye sehemu kinazitegemea sehemu zake, tena kinahitaji wa kuziunganisha. Mungu hategemei kitu, basi hana sehemu. Majina mengi, yeye mmoja. Wanafalsafa Wakatoliki wa Ulaya waliwasoma, nao wakasema hekima ya Mungu na kuwepo kwake si vitu viwili. Hata Utatu, kwao, si vipande.

"Utatu sisi hatuukubali, hapo tunaachana," ustadhi alimwambia. "Ila nyie hamkugombania hapo. Mligombania vipande, na vipande wote wamevikataa."

Raudha anacheka, kisha anaokota mkasi.

"Mimi kila ninachoshona kina mshono, na mshono unafumuka. Hata mimi na Evaline. Mpaka leo nikikata kitambaa nanyoosha mkono anipe chaki."

Ukutani limening'inia gauni la harusi ya binti yake. Evaline ndiye aliyelikata. Mikono haijaunganishwa.

"Mbona hulimalizii mwenyewe, mama?" namuuliza.

"Naweza, mwanangu. Sitaki."

Kesho asubuhi atapanda bodaboda kwenda Mogitu, gauni na mikono yake isiyoshonwa kwenye mfuko.

"Na asipofungua mlango?"

"Nitakaa nje. Atachoka kunichungulia dirishani."

Bodaboda ya pili nimeshaikodi mimi! Evaline akifungua, akinuna, akicheka, kesho jioni nawaambia yote.