Ng'ombe wa Waamaleki

Juzi kanisani, hapa Nyasho, nilimwona mama mmoja akimtoa mtoto mgongoni na kumpakata wakati somo likisomwa. Nikamkumbuka bibi.

Kanisa letu kule Butiama lilikuwa la udongo, na mchana mmoja nikiwa mtoto lilinuka majani ya mpapai, maana sabuni haikuwapo dukani na nguo tulikuwa tukifulia hayo. Mwinjilisti alisoma jinsi Mungu alivyomwamuru mfalme Sauli awaue Waamaleki wote, wakubwa na watoto wachanga, pamoja na mifugo yao.

Wazee waliguna. "Hata ng'ombe?" mmoja akauliza. "Sisi ng'ombe wa adui tulikuwaga tunawachukua. Hatuui ng'ombe!"

"Ndilo kosa la Sauli hilo," mwinjilisti akajibu. "Aliwabakiza wale wazuri."

Watu wakacheka. Mimi nilimhurumia sana Sauli. Nililiwaza zizi la baba, ng'ombe wote wamelala chini na nzi wamewajaa machoni, na nikaona Mungu hajui thamani ya ng'ombe.

Kicheko hakijaisha, bibi akamfungua mdogo wangu Wambura mgongoni, akamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akatoka. Nilimfuata hadi nje.

"Bibi, mbona umetoka?"

"Mtoto analia," alisema, bila kunitazama.

Nikaridhika. Nikarudi ndani mbio, nisije nikapitwa na habari za ng'ombe.

Wambura alikuwa amelala fofofo.