Mwosha Maiti Hasemi

Katika ile miaka ya ruksa, malori ya watu binafsi yalipoanza kugombea kabichi na karoti za Mgeta, mimi nilikuwa bwana afya huko mlimani kwetu. Kazi yangu ilikuwa kushuku. Nilishuku chemchemi, nilishuku vyoo, na zaidi nilimshuku mtu aliyenichekea kabla sijamsalimia.

Masika hayo kitabu cha wagonjwa cha zahanati kilikuwa kisafi mno. Wiki mbili nzima, hamna hata mtu mmoja wa kuhara! Mganga akaniambia watu ni wazima. Wazima wapi? Kipindupindu kilishaingia mabondeni, na kijijini kwetu walikuwa wamezikwa wanawake wawili harakaharaka, wote eti kwa homa. Kila mtu alijua kwamba nikiandika kipindupindu, malori hayatapanda na mboga zitaoza shambani. Basi wakafunga midomo, hadi mwenyekiti.

Aliyejua ukweli alikuwa mama yangu. Ndiye aliyeosha maiti za wanawake, na wale wawili aliwaosha yeye.

Nilimfuata asubuhi na binti yangu mdogo.

"Shikamoo mama. Wale marehemu walikuwaje?"

"Marahaba. Niliyoyaona kwa maiti siyasemi, mwanangu. Wewe unajua."

Nilikasirika. Nikamwambia watu watakufa kwa sababu ya adabu zake. Binti yangu akamkimbilia bibi yake kama kawaida, lakini mama akarudi nyuma upesi, akaficha mikono ndani ya khanga.

"Mzuie! Asinishike mpaka wiki iishe."

Homa haifichiwi mikono. Nilimbeba mtoto, nikaenda moja kwa moja kuandika taarifa: kipindupindu, chemchemi ifungwe, malori yasipande.

Wapimaji kutoka mjini walithibitisha. Tulitia dawa kwenye maji, na hakuzikwa mtu mwingine kwa ugonjwa ule. Mama naye hakuugua, nikamshukuru Mungu. Lakini kabichi zilioza, na kijiji kikaanza kumtafuta aliyesema. Niliapa msikitini kwamba mama hakunitajia ugonjwa wa mtu. Nani amwamini bwana afya?

Mwezi uliofuata alifariki bibi mmoja jirani, kwa uzee tu. Waliagiza mwosha kutoka kitongoji kingine, wakampitisha mbele ya mlango wa mama. Mama alikuwa amesimama pale, ameshavaa khanga zake za msibani. Aliwasalimia. Waliitikia bila kusimama.