Wakwe, Omena na Chai Isiyo na Sukari

Aibu hii ni yangu na sitaikana, na kwa kuwa ploti yetu nzima ya vyumba vya kupanga hapa Kisumu Ndogo inaisimulia kila mtu kwa namna yake, afadhali muisikie kwangu mimi niliyeipika na kuipakua.

Nina miaka hamsini na moja, nashona nguo, na tangu hedhi ilipoanza kuniaga (hapa sote ni watu wazima) nilikuwa naamka vidole vimevimba na magoti yanalia kama bawaba za mlango. Nesi wa kliniki alinichunguza, akanieleza polepole kwamba mwili ukiumia huwasha moto mdogo ili ujitibu, kisha huuzima, lakini kwa wanawake wengi wa umri wetu moto ule hukataa kuzimika, ukafuka ndani kwa ndani kama makaa chini ya jivu, na yapo mazoea ya kila siku yanayoupulizia: sukari nyingi, mafuta yaliyokaangiwa mara kumi, kukaa kitako kutwa nzima, kulala masaa machache. Hakuniahidi muujiza. Aliniambia nibadilishe kimoja kimoja. Nikabadilisha, vidole vikaanza kukunjika, na hapo ndipo nikawa hatari kwa watu. Nilieleza wateja nikiwa nawapima kiuno. Kanisani nilimhesabia mchungaji vijiko vya sukari kwa sauti (vilikuwa vinne).

Sasa, binti yangu Achieng alikuwa na mchumba, Simiyu, na Jumamosi moja watu wake walikuwa waje kutoka Kawangware tujuane. Asubuhi hiyo Achieng alinishika mikono yote miwili.

"Mathe, nakuomba. Leo hakuna somo. Usitaje sukari, usitaje mafuta, usitaje magoti. Neno moja tu la afya, hii ndoa imeenda."

Nikaahidi. Lakini alipotoka kwenda kuwapokea kituo cha matatu cha Ayany, nikajiambia kwamba nimekatazwa kusema, sijakatazwa kupika, na huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza. Nilichemsha chai ya maziwa na tangawizi, bila sukari. Nikapika ugali wa wimbi, mboga ya managu, na omena wa kuchemsha kwa nyanya, kwa sababu nesi alisifu sana samaki wadogo. (Kuku? Nilimfikiria kuku. Nikaona watamtaka wa kukaanga, nikamwacha hai sokoni.)

Waliokuja ni mama yake Simiyu, mjane kama mimi, anayeuza mitumba, na shemeji yake Mzee Barasa, ndugu wa marehemu mumewe. Mzee Barasa alionja chai, akatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyesoma habari mbaya.

"Mama Achieng, sukari iko?"

"Haiko, mzee."

Siku nyingine hapo ningeongeza robo saa ya maelezo. Achieng alinikazia macho, nikafunga mdomo.

"Imeisha?"

"Iliisha Januari."

Tulikuwa mwezi wa nne. Mimi nimejizoesha kuinuka kila baada ya nusu saa, kwa ajili ya magoti, kwa hiyo nikainuka, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi, nikaketi, na baadaye nikainuka tena. Mzee Barasa akaanza kutafuta kofia yake.

"Tunafukuzwa?" akanong'ona, ila chumba chetu hakina nafasi ya minong'ono.

"Nyamaza, shemeji," mama Simiyu akamjibu. "Huyu mama anaona haya tu."

Kisha nikafunua sufuria. Omena wakatutazama, nasi tukawatazama.

"Dada," mama Simiyu akaniuliza kwa upole, "mmekuwa mkila hivi kwa muda gani?"

"Tangu Januari," nikasema kwa fahari, "na tumezoea."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mzee Barasa akasema anatoka kupiga simu. Alirudi na mwenye duka nyuma yake, wamebeba sukari kilo nne, mafuta ya kupikia, unga wa chapati, mikate mitatu na soda, wakapita katikati ya ploti mchana kweupe, na kwetu sukari na mikate ya kiasi hicho ikiingia nyumba yenye wageni ina maana moja tu. Jirani yangu Mama Brayo alikuwa anafua. Akaacha ndoo.

"Ni nani amekufa?"

Mzee Barasa ni mtu mwungwana, hakutaka kuianika njaa yangu. Alitikisa kichwa, akasema, "Tuwaombee tu."

Kabla omena hawajapoa, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nje na kina mama wa kanisa wameshaanza wimbo. Mama Brayo, aliyeshaamua mwenyewe ni nani amekufa, aliingia akilia, "Achieng wetu jamani, mtoto mzuri vile!" akamwangukia shingoni Achieng mwenyewe.

"Mama Brayo, ni mimi."

"Pole sana, mtoto wangu," Mama Brayo akasema, akaendelea kulia kidogo kabla ya kusimama.

Achieng akanigeukia. "Mathe. Ongea. Tafadhali, ongea."

Nikaongea. Nilisimama mlangoni nikaeleza makaa na jivu, sukari, mafuta, kukaa na kulala, na kwa nini naingia na kutoka kama mlinzi, mbele ya watu waliokuja kuomboleza. Sijawahi kupata mahudhurio mazuri kama yale. Nilipomaliza, mama Simiyu aliinua mkono, vidole vimevimba kama vyangu vya zamani.

"Mimi asubuhi siwezi kufunga kifungo cha blauzi. Nilidhani ni uzee tu."

Nikamwambia aanzie kliniki, wamwangalie, maana viungo huvimba kwa sababu nyingi, ndipo achague zoea moja, moja tu, alibadilishe.

"Kwa hivyo hamna njaa?" Mzee Barasa akauliza.

"Hatuna."

"Na hao omena ni kwa hiari?"

"Kwa hiari, mzee."

Akafikiri. "Basi nipe sukari yangu." Akatia vijiko vinne mbele ya kila mtu. Nilivihesabu kimoyomoyo.

Ndoa haikuenda popote. Mama Simiyu hunipigia simu asubuhi, na juzi, kabla hata ya salamu, alisema, "Kifungo cha juu kimefungika." Mzee Barasa naye haji kwangu bila kuuliza kwanza kumepikwa nini, na simlaumu. Mimi nimejifunza kwamba jambo jema ukilitia kwenye kikombe cha mtu kabla hajalisikia, yeye ataonja ubaya tu. Sukari sasa iko mezani, kila mgeni ajipimie, na maelezo natoa kwa anayeuliza. Na nimeapa: siku nitakayokatazwa kusema, nitakaanga kuku.