Tawi Lisilo na Risiti

Kila vuli ikianza, maduka ya Jette, mtaa wetu huku Ubelgiji, huweka nje vyungu vya bruyère, kichaka kifupi chenye vimaua vya zambarau. Harufu yake ni kama asali iliyomwagikia vumbini. Nikiisikia, natamani kujitetea kabla sijaulizwa.

Nilikuwa na miaka tisa, na ulikuwa mwaka mmoja tu tangu tutoke Lubumbashi. Darasa letu lilipelekwa kutembea katika msitu wa Soignes. Mahali penye mchanga, katikati ya majani makavu, nikakiona kichaka hicho kimechanua peke yake. Nikavunja tawi moja, nikarudi nalo nyumbani nikijiona mvumbuzi.

Mama alilitazama bila kuligusa.

"Umetosha wapi hii?"

"Ku forêt, maman."

"Ku forêt. Miti yote inamwanga majani, donc maua inakungojea weye." Akasogea. "Hii ninaionaka ku makaburi. Umeiba ku kaburi ya muntu."

Kweli, Toussaint, sikukuu ya watakatifu wote, inapokaribia, Wabelgiji hupamba makaburi kwa bruyère. Mama aliyaona hayo kila siku akipita makaburini kwenda kufanya usafi hospitalini. Nje ya chungu hakuwahi kuiona.

Akavaa koti juu ya kitenge, akanikokota hadi makaburini. Alikagua chungu kimoja kimoja kama afisa wa forodha, akitafuta kilichovunjwa tawi. Hatukumpata marehemu aliyeibiwa. Nikadhani nimeokoka.

"Mutoto mwanamuke," akasema, "na iko fundi ya kuiba hivi."

Mwishowe akachagua kaburi lisilo na ua hata moja. "Weka. Muombe pardon." Nikamwomba radhi mzee wa Kibelgiji aliyelala humo kwa kosa ambalo yeye na mimi tulijua sikulitenda.

Kwa miaka mingi nilimwona mama dhalimu. Kisha nikapata shahada, mshahara na koti zuri, na siku moja, dukani katika barabara ya Chaussée d'Ixelles, mlinzi akanifuata rafu hadi rafu. Hapo nikaukumbuka mkoba wa mama, uliojaa risiti, hata za vitunguu tulivyokwisha kula zamani. Alikuwa akinikagua yeye kwanza, kabla ya wengine.

Vuli iliyofuata nilimpeleka msituni. Kichaka kilikuwa kimechanua palepale. Mama akainama, akachimbua udongo kwa kidole akitafuta chungu chini yake. Hakukuta kitu. Akageuka kutazama njia nyuma yetu.

"Bon," akasema. "Ilikuwa kweli. Lakini usivunje. Bakituona, nani atatuamini?"