Mpira wa Kunyonyea Petroli

Aliyeniuzia pikipiki ya umeme aliniambia sitasimama sheli tena. Kweli, sheli sisimami. Nasimama porini. Siku ile nilikuwa namrudisha mama kijijini kutoka hospitali mjini Geita, chaji ikaisha njiani, na huko mbele umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bodaboda nisiyemjua akasimama bila kuitwa, kama ilivyo desturi yetu, akatoa mpira na chupa anigawie petroli kutoka tangi lake. Akaizunguka pikipiki yangu, akakosa pa kumimina. Akamwamkia mama, akampakia, wakaondoka. Nikabaki nasukuma. Kila bodaboda aliyenikuta alisimama, akashuka na mpira wake mkononi, akatazama, akasema pole, akaukunja.